Uzito wa Adalberto

Adalberto alianguka bafuni Jumanne asubuhi, saa moja na robo, wakati mkewe ameinama kuokota sabuni. Ilikuwa mara ya tano tangu kiharusi kimpige. Safari hii alianguka kiubavu, kati ya choo na ukuta, na mguu wake wa kulia, ule uliokufa ganzi, ukakunjika chini yake. Hakuumia. Aliguna kidogo, kisha akafumba macho, kama alivyozoea kufanya kila alipojua kwamba sasa wataitwa watu.

Ivonete alikuwa na kilo arobaini na tisa. Mumewe alikuwa na mia na nane. Kwa miaka mingi uzito huo ulikuwa fahari ya nyumba, maana Adalberto alikuwa mpakuzi wa magunia katika soko kubwa la mboga, na pale mtaani kwao, Realengo, hakuna aliyethubutu kumtania kwa jambo jingine lolote ila kula. Sasa uzito uleule ulikuwa umelala sakafuni, umelowa, na mwanamke mwembamba mwenye miaka hamsini na minne alikuwa akiuvuta kwapani bila kuusogeza hata kiganja kimoja.

Alimfunika taulo kiunoni, akatoka mbio hadi kwa mzee Nivaldo, jirani yao fundi viatu, ambaye ndiye aliyekuwa akiitwa siku zote. Nivaldo hakuwepo, alikuwa amekwenda kliniki kupima sukari. Upande wa pili wa barabara, juu ya duka la misumari na rangi, palikuwa na ukumbi wa jujitsu, mieleka ya kukabana chini. Ivonete alikuwa akisikia vishindo vyake tangu ukumbi ule ufunguliwe, na alikuwa hajapanda ngazi zake hata siku moja. Akapanda. Alifikiri atapata vijana wawili wenye misuli. Alimkuta mwanamke mmoja mfupi, mwenye mvi, akipiga deki mikeka, masikio yake yamefumbatana kama ngumi kwa miaka mingi ya mieleka.

Ivonete akaeleza haraka, huku akiangalia nyuma ya yule mwanamke kama kuna mtu mwingine. Akauliza wanaume wako wapi.

"Wameshakwenda kazini," yule mwanamke akasema, akiegemeza fimbo ya deki ukutani. "Nipo mimi. Naitwa Jurema. Twende."

Bafuni, Jurema hakumshika Adalberto mkono wala hakumvuta. Kwanza alichuchumaa akamwambia jina lake, akamwambia pia kwamba atamkumbatia na asimfikirie vibaya. Akaukunjua ule mguu mbovu. Akamgeuza ubavu wa pili kwa kumsukuma bega na nyonga kwa pamoja, akamkalisha, akapiga magoti nyuma yake na kumfumbata kifuani. Halafu akaomba aletewe kiti. Ivonete hakuelewa kilichofuata. Aliona mumewe akiinama mbele, mkono wake mzima juu ya kiti, Jurema akisukuma nyonga yake mwenyewe chini ya nyonga ya Adalberto, na mara mtu yule mzito akawa ameketi, anatiririka maji, macho wazi kwa mshangao. Hakuna aliyepiga kelele za moja, mbili, tatu. Hakuna aliyemfananisha na ng'ombe, utani ambao mzee Nivaldo hakuweza kuuacha hata siku moja.

"Umefanyaje?" Ivonete akauliza. "Wewe ni mdogo kama mimi."

"Sikumwinua," Jurema akasema. "Nimemsogeza tu. Kuinua ni kazi ya winchi."

Akakataa kahawa kwa sababu deki ilikuwa haijaisha, akaenda zake.

*

Jioni ile mtoto wao wa pekee, Wanderlei, alipiga simu kutoka mji wa mbali wa Juiz de Fora, alikokuwa akiishi na mkewe. Mzee Nivaldo alikuwa ameshamwambia habari za kuanguka. Wanderlei alizungumza kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha mama yake. Alisema amepata nafasi katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, karibu na kwake, mahali pasafi penye wauguzi mchana na usiku. Atakuja na gari Jumapili ya mwisho wa mwezi ujao. Baba atakuwa huko, na mama atakuja kumwona kila anapoweza.

"Mama, huwezi kumbeba," alisema. "Siyo dhambi. Huwezi tu."

Simu ilikuwa na sauti kubwa, kwa hiyo Adalberto alisikia kila neno akiwa kitini mwake. Tangu augue, maneno yalikuwa yakimtoka mawili matatu kwa siku, yamekwaruzwa kama yaliyopita kwenye mbuzi ya nazi. Ivonete alimngoja aseme lolote. Adalberto akajigeuza kuelekea ukutani, upande ambao televisheni haikuwepo, akakaa hivyo hadi chakula kilipopoa.

Kilichomuuma Ivonete ni kwamba mtoto alikuwa amesema kweli. Mtaalamu wa viungo wa kliniki ya mtaa alikuwa akifika mara moja kila baada ya wiki tatu, dakika arobaini, kisha anakimbilia nyumba nyingine. Siku zilizobaki alikuwa yeye na mumewe. Adalberto alikuwa hajatoka nje ya mlango kwa miezi kumi na moja, kwa sababu akianguka barabarani nani atamwokota, na nani atasimama kutazama.

Kesho yake Ivonete akaacha sare za shule alizokuwa akishona, akapanda tena zile ngazi.

"Nifundishe kile ulichofanya," alimwambia Jurema.

Jurema alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani. Akasema kile hakifundishwi peke yake, kama vile mtu hawezi kufundishwa kuogelea nusu ya bwawa. Mwili lazima ujifunze kukaa chini ya uzito wa mtu bila kuogopa. Ukishajifunza hilo, mengine huja. Darasa la wanaoanza lilikuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa moja asubuhi, pamoja na Jumamosi kwa anayependa. Kimono ya kuazima, ile nguo nene ya mazoezi, ilikuwepo.

"Nina miaka hamsini na minne, mwalimu."

"Basi usichelewe."

*

Kuhusu nani atakaa na Adalberto asubuhi hizo, mzee Nivaldo alijitolea mwenyewe. Alisema heri akae naye kuliko kumbeba, maana kiuno chake kilikuwa kimeshaanza kulalamika. Alileta redio yake na kiatu cha kushona, akaketi.

Siku ya kwanza Ivonete alifunga mkanda mweupe kama mshipi wa gauni, na fundo likafunguka mara tatu. Darasani walikuwa watu tisa. Wawili walikuwa wasichana wa chuo, waliomwita "bibi" kwa heshima iliyomchoma. Walianza kwa kujikokota chali, wakisukuma nyonga huku na huku, kutoka ukuta hadi ukuta. Wengine walikwenda na kurudi. Ivonete alifika katikati akakwama, akalala anatazama feni, akifikiria kwamba kama dada wa kanisani wangemwona wangemfanyia maombi ya mkesha.

Halafu Jurema akampa mwenzake wa mazoezi: Edmilson, mlinzi wa benki, mtu mwenye kilo tisini na mbili na haya nyingi. Edmilson aliomba radhi kabla hata hajafanya kitu. Alimlalia Ivonete kifuani kiubavu, na dunia ikafunga mlango. Hakuona dari. Hakupata hewa. Alinusa jasho la mtu asiye mumewe, akahisi mbavu zake zikipinda, akaanza kupiga mateke ovyo.

"Gonga," sauti ya Jurema ilisema karibu na sikio lake. "Bi Ivonete, gonga mara mbili."

Akagonga mgongo wa Edmilson kwa kiganja, mara mbili, na uzito wote ukaondoka papo hapo. Akakaa kitako. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyajali. Edmilson alisimama pembeni kama aliyevunja sahani ya watu.

"Unalia nini?" Jurema akauliza, bila ukali.

"Sikujua kama mtu ataondoka nikimwomba."

Jurema alimfunga upya mkanda wake, akalikaza fundo, akamwambia alale tena, safari hii asipigane. Apumue kidogokidogo kwa pua, atafute upenyo mdogo tu wa kuingiza goti. Alilala. Uzito ukarudi. Upenyo haukupatikana siku hiyo wala siku iliyofuata. Ulipatikana Jumatano ya wiki ya pili, kwa bahati, naye akapiga ukelele wa furaha hadi muuza misumari akachungulia kutoka chini.

Kanisani habari zilifika kabla yake. Mke wa mchungaji alimvuta kando akamuuliza kama ni kweli anabingirishwa na wanaume, tena akiwa amevaa suruali. Ivonete alijibu kwamba ni kweli, na kwamba jana amebingirishwa mara kumi na nne. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kisha akaketi mahali pake, masikio yakiwaka moto. Ibada nzima hakusikia mahubiri. Alikuwa akiomba asamehewe, halafu akawa anaomba apewe nguvu za nyonga.

*

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mtu anayejifunza kwa Edmilson hujifunza kwa mtu anayekubali. Adalberto hakukubali. Kila Ivonete alipompitishia mikono kifuani alijikaza kama gogo, na gogo haligeuki. Siku moja, wakati akijaribu kumtoa kitandani, Adalberto aliutumia mkono wake mzima, akampiga mkewe kofi la kiganja juu ya mkono. Hakumpiga kwa nguvu. Lakini katika miaka yao yote alikuwa hajawahi kumnyooshea hata kidole.

Wakabaki wakitazamana. Adalberto akaanza kutafuta neno. Mdomo ulijipinda, shingo ikasimama mishipa.

"Ai... bu," akasema.

Ivonete aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa amechoka, bega linamuuma, na wiki mbili tu zilikuwa zimebaki kabla ya Wanderlei kufika na gari.

"Aibu," alirudia. "Ngoja nikuambie aibu, Beto. Kila asubuhi ninalala sakafuni. Wasichana walio na umri wa kuwa wajukuu wangu wananikalia tumboni. Juzi suruali ilinishuka mbele ya mlinzi wa benki. Mke wa mchungaji ananitazama kama nimefungua baa. Halafu ninarudi hapa na wewe unajikaza. Wewe unafikiri umelala chini peke yako?"

Adalberto alimsikiliza bila kupepesa.

"Kule nimejifunza kitu," aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Ukiwa chini ya mtu, ukaogopa, ukajikaza, unakosa hewa. Na mtu aliye juu hajui kama unaumia mpaka umwambie. Mimi sijui wapi unaumia. Wewe husemi. Basi kuanzia leo ukiumia, gonga. Hapa, mkononi kwangu, mara mbili. Nitaacha hapohapo, hata kama tumefika katikati, hata kama tutaanguka wote. Nakuapia."

Alimshika mkono wa kushoto, akaugongesha juu ya mkono wake mwenyewe, mara mbili, kumwonyesha. Kisha akampitishia mikono kifuani. Adalberto akagonga upesi. Ivonete akaacha. Akamshika tena, Adalberto akagonga tena, na macho yake yalikuwa yanampima. Akaacha tena. Mara ya tatu hakugonga. Alitoa pumzi ndefu iliyokuwa imekaa ndani tangu siku ya kiharusi, na mwili wake ukalegea mikononi mwa mkewe, mzito, wenye joto, unaogeuzika.

Siku hiyo walifika ukingoni mwa kitanda tu. Walikaa hapo wawili wakihema kama waliotoka mbali. Ivonete aligundua kwamba kwa miezi yote ile alikuwa akimvuta mumewe, akimsukuma, akimfuta, lakini hakuwa amemkumbatia.

Waliendelea. Mtaalamu wa viungo alipofika zamu yake, Ivonete alimwomba aangalie. Alimsahihisha mahali pawili, jinsi ya kulilinda bega bovu na mahali pa kuweka mguu, kisha akauliza nani amemfundisha. Aliposikia ni ukumbi wa juu ya duka la misumari, alicheka, akaandika jina.

*

Wanderlei alifika Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mkewe. Begi la baba yake lilikuwa halijafungwa. Alimkuta baba ameketi mezani, amenyolewa ndevu, na mama akikaanga unga wa muhogo kwa siagi. Maharage yalikuwa yakitokota. Alibusu wote wawili, akatazama saa, akasema kwamba kule wanapokea wagonjwa hadi saa kumi tu.

"Haendi," Ivonete alisema.

Wanderlei akakaa. Alianza tena kwa ule upole wake: amelala macho usiku mara ngapi akingoja simu ya kuambiwa wote wawili wameanguka, mama chini na baba juu. Sauti ikamkatika. Ivonete aliona, kwa mara ya kwanza, kwamba mtoto wake hakuwa anataka kumwondoa baba. Alikuwa anaogopa, kama yeye mwenyewe alivyokuwa akiogopa. Akazima jiko.

"Una kilo ngapi, mwanangu?"

"Themanini na nane. Kwa nini?"

"Lala chini."

"Mama."

"Vua viatu, lala hapo sakafuni. Legea kama uliyekufa ganzi upande wa kulia. Usinisaidie."

Wanderlei alimtazama baba yake, kama kumwomba amwokoe. Adalberto alinyoosha mkono wa kushoto, akaonyesha sakafu kwa kidole. Kwa hiyo mtu mzima wa miaka thelathini, mwenye ofisi na shati jeupe, akalala kati ya meza na jokofu. Mama yake alipiga magoti. Alimwambia kila alichotaka kufanya kabla ya kukifanya. Alimgeuza, akamkalisha, akamfumbata kwa nyuma, akavuta kiti kwa mguu. Alitia nyonga yake chini ya nyonga ya mwanawe, na Wanderlei akajikuta ameketi kitini, nywele zimemvurugika, bila kujua amefikaje.

Mara sauti ikatoka upande wa meza, sauti nene iliyopasuka, na kwa muda mfupi wote wawili waliogopa kwamba ni kiharusi kingine. Adalberto alikuwa anacheka. Alicheka hadi mate yakamtoka upande ule mbovu, hadi akalazimika kushika meza. Nyumba ile ilikuwa haijasikia kicheko chake tangu mwaka uliopita.

"Sasa baba," Wanderlei akasema, akijifuta macho kwa mkono wa shati. "Mimi siyo baba. Nataka kumwona baba."

Wakamshusha baba sakafuni polepole juu ya blanketi. Ivonete alimfumbata. Katikati ya safari Adalberto aligonga mara mbili. Ivonete akaacha palepale, akamrudisha, akausogeza mguu uliobanwa, akaanza upya. Wanderlei aliliona lile. Baadaye alimwambia mkewe kwamba kilichomshinda hakikuwa nguvu za mama. Alikuwa amemwona baba yake akisema kitu, na akasikilizwa.

Adalberto alipokwisha kuketi, mtoto hakutazama saa tena. Alikunja mikono ya shati, akapiga magoti, akasema:

"Nifundishe, mama. Nianze na mkono gani?"

Maharage yalipoa, yakapashwa moto, yakapoa tena. Walikula saa kumi na moja. Gari lilirudi Juiz de Fora jinsi lilivyokuja, na Wanderlei akaahidi kuja kila Jumapili ya pili, kwa sababu bado alikuwa anakosea nyonga.

*

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, Ivonete alimtoa mumewe nje ya mlango kwa kiti cha magurudumu alichoazima kliniki. Walikwenda hadi kona, penye meza ya saruji ambapo wanaume wa mtaa hucheza dhumna. Mzee Nivaldo alisogea kumpa nafasi, akapangusa vumbi mezani kwa kofia yake, na hakutaja ng'ombe.

"Karibu, Beto," alisema. "Tumecheza zaidi ya mwaka bila mtu wa kutudanganya."

Adalberto alipokea vigae vyake kwa mkono wa kushoto, akavisimamisha kimoja kimoja, taratibu, na wote wakangoja. Alipomaliza aliinua macho kwa mkewe. Midomo ilianza kuhangaika. Ivonete alijua neno linatafutwa, akainama kumzuia asijichoshe, lakini yeye alitikisa kichwa.

"A...sante," akasema. "Nete."

Katika ndoa yao nzima alikuwa hajamshukuru kwa maneno. Alikuwa akimletea vitunguu bora kabisa kutoka sokoni, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake. Ivonete alimlaza nywele zilizosimama kisogoni, akajifanya anazitengeneza.

"Na akianguka je?" mmoja wa wachezaji akauliza.

"Niiteni," Ivonete alisema. "Niko pale juu."

Akavuka barabara. Ngazi alizipanda bila kusimama. Darasa lilikuwa limeshaanza, na karibu na mlango alisimama mwanamke mgeni, ameshika mkoba kifuani kwa mikono miwili, akitazama watu waliokuwa wakibingirika. Aliuliza kwa kunong'ona kama inaumiza. Ivonete alifikiri kabla ya kujibu, maana hakutaka kumdanganya.

"Inaumiza kidogo," alisema. "Lakini ukigonga, wanaondoka."

Akamsaidia kuvaa kimono ya kuazima na kufunga mkanda, akalala chali juu ya mkeka, akamwambia amkalie tumboni bila woga.